Sumukuvu: sumu ya chakula isiyoondolewa kwa kupika

Sumukuvu ni sumu inayozalishwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka, karanga na mazao mengine yaliyokaa na unyevu. Aina inayojulikana zaidi ni aflatoksini, inayotokana hasa na kuvu waitwao Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus. Chungwa lililoota ukungu hutupwa mara moja, kwa kuwa uozo wake huonekana. Punje ya hindi yenye sumukuvu yaweza kuonekana nzima, na joto la jikoni haliiondoi sumu hiyo.

Madhara yake yalidhihirika nchini mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki dunia. Chanzo kilikuwa mahindi ambayo kaya zenyewe zililima na kuhifadhi. Dalili za sumu nyingi kwa wakati mmoja ni kutapika, maumivu na uvimbe wa tumbo, na macho kuwa ya manjano. Mgonjwa wa namna hiyo awahishwe kituo cha afya. Kiasi kidogo kinacholiwa kwa miaka mingi hakitoi dalili hizo, lakini husababisha saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye maambukizi ya homa ya ini aina ya B.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, chakula kinachohitaji uangalizi ni kile kile cha kila siku: mahindi, karanga, na pia michembe na matobolwa yanapowekwa ghalani kabla ya kukauka. Ukanda wa dhahabu una tatizo lake la ziada. Mkulima huweza kuchambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu, ambazo ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Mchimbaji anayekula ugali kwa mama lishe hupokea unga, na katika unga hakuna tena cha kuchambua. Usalama wake hutegemea uangalifu wa aliyevuna, aliyehifadhi na aliyesaga. Kukoboa hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwani nyingi hubaki kwenye pumba; dona, pamoja na ubora wake wa lishe, hudai mahindi yaliyochambuliwa vizuri zaidi.

Kiwango cha Afrika Mashariki huruhusu aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikauruhusu tena kwa masharti ya vyeti vya upimaji.

Kazi kubwa ya kuzuia sumu baada ya mavuno hufanyika kabla gunia halijafungwa. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si kwenye udongo mtupu. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo na kuitikisa: chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi takriban asilimia 15. Isiponata, mahindi yaendelee kuanikwa siku kadhaa, kwa kuwa kipimo hicho hakifikii asilimia 13.5. Mifuko isiyopitisha hewa huhifadhi vyema mahindi makavu. Mahindi mabichi yataharibika humo humo.

Shambani hutumika pia Aflasafe, yaani punje za mtama zilizopakwa kuvu wasiozalisha sumu. Hutawanywa kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, ili kuvu hao wawahi nafasi ya wale wenye sumu. Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ilijumuishwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa kitaifa wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, uliokuwa chini ya Wizara ya Kilimo.

Linalosahaulika mara nyingi ni hatima ya punje zilizochambuliwa. Zisipelekwe kwenye pombe ya kienyeji, wala zisiwe chakula cha kuku au ng'ombe: ng'ombe aliyelishwa mahindi hayo hutoa sumu katika maziwa, na katika jamii ya wafugaji maziwa hayo huishia kwa watoto. Zifukiwe au ziteketezwe mbali na ghala.