Kibarua, Mpangaji ama Mwenye Shamba? Neno Moja Lililojaza Eastlands

Wasee, leo tuongee shamba. Najua, wewe uko Kayole gorofa ya tano na kilimo chako chote ni sukuma wiki mbili kwa gunia. Lakini usiende. Watu wengi waliojaza Pumwani na Shauri Moyo miaka ya 1940 hawakuja mjini kutafuta raha. Walikuwa wamefukuzwa kwa shamba la mtu.

Na hii stori imerudi. Vijana wa mtaa siku hizi wanachanga pesa, wanakodi ekari mbili za vitunguu Kajiado ama nyanya Kirinyaga. Makubaliano ni ya simu. Mazao yakikaribia kuiva, anatokea ndugu ya mwenye shamba na swali moja: "Wewe ni nani hapa?" Hilo swali lina zaidi ya miaka mia, na babu zetu walilijibu kwa gharama kubwa.

Tuanze kabla ya mzungu. Kwa Wakikuyu, ardhi ya ukoo iliitwa githaka. Kama huna ya kutosha, ungeomba kwa mwenye githaka, na ukikubaliwa unaitwa muhoi, yaani mwombaji. Hakukuwa na kodi ya pesa. Ulileta pombe, ulisaidia kujenga, uliishi vizuri na watu. Ardhi haikuwa yako na kila mtu alijua, kwa sababu ulipewa mbele ya watu. Mkikosana, wazee wa kiama walikaa chini wakasikiliza pande zote mbili.

Usidhani ilikuwa mbinguni. Ardhi ilipoanza kuleta pesa, miaka ya 1920 na 1930, wenye githaka wengi waligeuka. Muhoi akipanda miti ya kudumu, mwenye ardhi anaona huyu anataka kukaa milele. Urafiki ukaisha, kesi zikaanza. Shamba likipanda bei, makubaliano ya zamani huanza kuonekana mabaya kwa mmoja wenu.

Sasa ingia Bonde la Ufa. Serikali ya kikoloni ilichukua ardhi ikawapa masetla. Cheki hii: chini ya sheria ya ardhi ya 1915, setla alipewa mkataba wa miaka 999. Kumbe hata yeye alikuwa amekodi! Tofauti ni kwamba yake iliandikwa, na ilikuwa ndefu kuliko maisha ya vizazi thelathini.

Setla alikuwa na ardhi kubwa lakini hana watu wa kuilima. Familia nyingi zikahamia huko na mbuzi zao na ng'ombe zao. Unapewa mahali pa kulima na kulisha mifugo, halafu unamfanyia kazi. Hao ndio waliitwa maskwota. Wao walijiona kama ahoi wa mzungu, watu waliokubaliwa kukaa. Wengine walidhani wakikaa sana, haki yao itakua.

Sheria ikasema hapana. Mwaka wa 1918 ikatoka amri kwamba skwota alipe kwa jasho, si kwa pesa wala mazao: angalau siku 180 za kazi kwa mwaka. Kisha sheria ya 1925 ikamweka wazi kama mfanyakazi, si mpangaji. Unaona hiyo hesabu? Mpangaji ana haki kwa shamba. Kibarua ana haki kwa mshahara tu, na siku kazi ikiisha, nyumba pia imeisha. Watu ni walewale, jembe ni lilelile, neno tu ndilo limebadilishwa.

Sheria ya 1937 ikamaliza mchezo. Mabaraza ya masetla yakapewa nguvu ya kupunguza ekari na mifugo ya skwota, na siku za kazi zikapanda hadi 240 na hata 270 kwa mwaka. Ng'ombe zikauzwa kwa lazima. Waliokataa kusaini mkataba mpya walifukuzwa.

Kuna mahali panaitwa Olenguruone, upande wa Nakuru, ambapo mzozo huu ulivuliwa nguo kabisa. Mwaka wa 1941 serikali iliweka hapo familia zilizokuwa zimefukuzwa kwingine. Wao walisema: hii ni fidia, ni githaka yetu. Serikali ikasema: nyinyi ni wapangaji, na masharti ndiyo haya, mpande hivi, murithishe hivi. Wakaambiwa wasaini. Wakakataa. Wakala kiapo pamoja, wanaume, wanawake na hata watoto. Nyumba zikabomolewa, mazao yakaharibiwa, na kufikia 1950 watu walikuwa wameondolewa, wengi wakipelekwa Yatta, kwenye ukame.

Wengine waliofukuzwa mashambani waliingia Nairobi. Chumba kimoja, familia mbili. Hasira ya shamba ikawa hasira ya mtaa, na Mau Mau ikapata watu hapa kwetu. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi likazingira jiji kwa Operesheni Anvil na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Mwaka huohuo Mpango wa Swynnerton ukaleta hatimiliki za mtu mmoja mmoja kwa mkupuo. Jina moja kwa karatasi. Ahoi wengi, waliokuwa na haki kwa maneno na kumbukumbu ya majirani, hawakuandikwa popote. Wakabaki bila kitu.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sikupi lekcha. Nakupa kile naona hapo. Ugomvi wa shamba la kukodi mara nyingi hauanzi na udongo. Unaanza na nani aliandika neno linalosema wewe ni nani hapo. Masetla waliandika, maskwota wakakumbuka. Karatasi ikashinda.

Leo una nafasi ambayo skwota hakuwa nayo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua hata makubaliano ya mdomo kwa ukodishaji wa miaka miwili ama chini, usio na haki ya kuongeza muda. Lakini Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 nayo inasema kukodisha shamba la kilimo, kwenye maeneo inayosimamia, kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita. Bila hiyo, mkataba unaweza kuhesabiwa bure. Kwa hivyo andika. Majina, ekari, mipaka, tarehe ya kuanza na kuisha. Andika mazao yaliyo shambani siku ya mwisho ni ya nani. Andika kama unaruhusiwa kupanda miti ama kuchimba kisima. Familia ya mwenye shamba iwe mashahidi, maana ndugu aliyeweka sahihi hawezi kukuuliza wewe ni nani.

Na ukiwa upande wa mwenye shamba, karatasi inakulinda pia. Kuna wapangaji wa kukaa wakazoea, wakagoma kutoka.

Mkikosana, usikimbie na panga wala usikimbie kwa wakili kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inahimiza jamii zimalize mizozo ya ardhi kwa njia zao zinazokubalika. Kaeni na wazee, mbele ya chifu, na muandike mlichokubaliana. Ikishindikana, tangu 2011 tuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Watu wa Olenguruone waliitwa kusaini neno ambalo mtu mwingine alikuwa ameshawachagulia. Wewe bado unaweza kukaa mezani kabla neno halijaandikwa. Kaa.