Kutoka Jamvini hadi Kiooni: Televisheni na Jioni za Chanika

Sisi watu wa visiwani tuna mazoea ya kujisifu kwamba televisheni tuliiona kabla ya wenzetu wa Bara, na kwa jambo hili haki tunayo. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, katika awamu ya Mzee Aboud Jumbe, tena ilianza kwa rangi. Wakati huo Kenya, iliyotangulia mwaka 1962, na Uganda, iliyofuata mwaka 1963, zilikuwa zingali zinaonyesha picha nyeusi na nyeupe, na Afrika ya Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilikuwa haijaanza kabisa. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Sifa hiyo imesimuliwa mara nyingi, na si nia ya makala haya kuirudia. Makala haya yanataka kuitazama televisheni kutoka ng'ambo ya pili ya mkondo, tena si mjini penye majumba na taa, bali Chanika, Wilaya ya Ilala, kiasi cha kilomita 30 kutoka katikati ya Dar es Salaam, mahali ambapo mtu huacha Gongo la Mboto nyuma, akapita Pugu na misitu yake, ndipo akafika.

Swali letu ni moja. Aghalabu televisheni hushitakiwa kwa yale inayoyaonyesha: mavazi, mabusu, bunduki na lugha za kigeni. Je, shitaka hilo ndilo lenyewe? Au kuna badiliko jingine, la kimya zaidi, ambalo halikutoka ndani ya kioo bali lilitokea mbele yake, pale walipoketi watazamaji?

Tuanze na kukataa kwa Bara. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikukosa televisheni kwa kusahau, bali iliikataa kwa kukusudia. Katika nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, chombo cha bei kubwa ambacho kingewafikia wachache wa mjini wenye umeme kilihesabiwa kuwa ni anasa, na zaidi ya anasa, ni ukuta mwingine baina ya mjini na shamba. Redio ndiyo iliyopewa kazi ya kuwaelimisha wananchi, kwani redio hutosheka na betri mbili na mwanzi wa kutundikia waya. Inafaa kukumbuka kwamba watawala wa Afrika ya Kusini nao waliizuia televisheni hadi mwaka 1976, lakini kwa sababu iliyo kinyume kabisa: wao walihofu kwamba ingeingiza lugha na fikra za kigeni na kuutia ufa mpango wao wa ubaguzi. Hivyo serikali mbili zilizokuwa mahasimu zilifunga mlango mmoja, kila moja kwa ufunguo wake. Zanzibar nayo, kwa kuwa utangazaji haukuwa jambo la Muungano, na kwa kuwa karafuu ilikuwa bado inaleta fedha, iliufungua.

Lakini mawimbi ya hewa hayaulizwi pasi bandarini. Baadhi ya wakaazi wa Dar es Salaam wenye uwezo walisimamisha antena juu ya milingoti mirefu, wakazielekeza Unguja, wakawa wanaitazama Televisheni Zanzibar katika nchi isiyo na televisheni. Hao walikuwa wachache na walikuwa mjini. Chanika ya wakati huo haikuwa kitongoji cha mji, bali vijiji vya Wazaramo, vyenye mihogo, mikorosho, miembe na minazi. Sensa ya mwaka 1988 iliuhesabu Mkoa mzima wa Dar es Salaam kuwa na watu wapatao milioni 1.36, na mji ulikuwa haujaufikia mlima wa Pugu kwa nyumba zake.

Jioni ya vijiji hivyo ilikuwa na utaratibu wake. Baada ya chakula jamvi hutandikwa uani, moto ukachochewa, na bibi akaanza. Anayefahamu ngano za pwani anajua kwamba msimulizi hasemi peke yake. Hutamka «Paukwa!» na akangoja «Pakawa!» Asipojibiwa, hadithi haianzi. Katikati ya ngano mna wimbo, na kiitikio chake ni cha wasikilizaji. Wakizubaa, sungura hukwama njiani na fisi hasogei. Ngano, kwa maneno mengine, ilikuwa kazi ya watu wawili: mwenye kusema na mwenye kuitika. Hata mdundiko, ngoma ile ya Wazaramo inayotembea barabarani na kuzoa watu kila nyumba inapopita, ulikuwa na tabia hiyo hiyo. Mtazamaji wake akipitiwa mara moja hujikuta yumo ndani ya ngoma. Katika sanaa za aina hii hapakuwa na kiti cha mtazamaji.

Mlango wa Bara ulifunguliwa kwa Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, iliyoruhusu vituo vya watu binafsi. Mwaka uliofuata wakazi wa Dar es Salaam wakapata CTN, ITV na DTV karibu kwa mkupuo. Televisheni ya Taifa ilikuja baadaye sana, na mwaka 2007 ikaunganishwa na redio ya taifa katika Shirika la Utangazaji Tanzania. Miaka mitano tu baada ya vituo vya kwanza kuanza, mnamo tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu alifariki dunia jijini London. Mtu aliyeikataa televisheni kwa ajili ya wananchi wake akaombolezwa kwa televisheni. Watu walijaa katika nyumba za jirani, madukani na barabarani mbele ya vioo, wakilifuata jeneza lake kutoka uwanja wa ndege hadi Uwanja wa Taifa, na kutoka hapo hadi Butiama. Yafaa tuizingatie picha hiyo. Walikuwa wanatazama, lakini walikuwa wanatazama pamoja, na waliolia walilia begani mwa wengine.

Hapo ndipo tunapoifikia Chanika yenyewe. Katika vitongoji vya pembezoni nyumba zilitangulia na nguzo za umeme zikafuata nyuma, pengine kwa miaka mingi. Mwenye seti aliiendesha kwa betri ya gari aliyoipeleka kuchajiwa, au kwa jenereta. Kwa hiyo seti moja ilikuwa ya mtaa mzima. Jirani hakuombwa ruhusa. Watoto walijaa sakafuni, wakubwa vitini, na waliochelewa dirishani. Palipokosekana jirani mwenye hisani palikuwa na banda la video, lililojengwa kwa miti na makuti au mabati, mabenchi ya mbao, na kiingilio cha sarafu chache. Humo zilionyeshwa filamu za Hong Kong, za Kihindi, za Marekani, na tangu miaka ya 2000 za Nigeria kwa wingi.

Na humo, ndani ya banda, likatokea jambo ambalo wenye kuandika historia ya utamaduni wetu hawajalipa haki yake. Filamu zilikuwa katika lugha ambazo watazamaji hawakuzielewa. Wakatokea watu wa kuzisimulia kwa Kiswahili, wakiwa na kipaza sauti palepale bandani au wakiirekodi sauti yao juu ya mkanda. Mashuhuri kati yao ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kote kwa jina la Lufufu. Hawa hawakuwa wafasiri wa neno kwa neno. Waliwapa wahusika majina na kabila, wakawakemea waovu, wakaingiza methali na mizaha ya mtaani, wakauliza maswali na watazamaji wakajibu kwa kelele. Ni nini hiki, kama si bibi wa uani aliyehamia bandani? Kioo kilikuwa bubu kwa watu wa Chanika. Jamii ikakipatia msimulizi, na msimulizi akarudisha «Paukwa» yake kwa namna nyingine. Wanaodai kwamba televisheni na video ziliua masimulizi siku ile zilipoingia hawakuketi katika mabanda hayo.

Jambo la pili lilikuwa maigizo. Vikundi kama Kaole vilipata nafasi ITV, na kwa mara ya kwanza mtu wa Temeke au Kinondoni aliona kiooni uani kama uani kwake, mama mkwe kama mama mkwe wake, na Kiswahili cha mtaani kwake. Kutoka huko ikazaliwa biashara ya filamu za Kiswahili. «Girlfriend» ya mwaka 2003 ilifungua njia, na wasanii waliolelewa na maigizo ya televisheni, akiwamo Steven Kanumba, wakawa watu wanaotambulika hata nje ya nchi. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliofurika viwanja vya Leaders na kumsindikiza hadi makaburi ya Kinondoni ulikuwa wa aina ambayo zamani tuliizoea kwa viongozi wa nchi. Mtoto wa televisheni alikuwa amekuwa ndugu wa watu ambao hajapata kuingia nyumbani mwao.

Jambo la tatu ni lugha. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kisa cha mwanamke aitwaye Doudou na mama wakwe zake, na ikapendwa kiasi cha Rais Xi Jinping kuitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Baadaye Azam TV, iliyoanza mwisho wa mwaka 2013, ikazifanya vivyo hivyo tamthilia za Kituruki, hata masultani wa Istanbul wakawa wanafoka kwa Kiswahili fasaha. Kwa hiyo aliyeogopa kwamba televisheni ingekimeza Kiswahili amekosea. Kiswahili kimenenepa.

Lakini Chanika ina lugha nyingine, na hapa ndipo moyo unapoingia simanzi. Bibi niliyemsikiliza mimi huko, katika nyumba ya jamaa zangu, alisimulia kwa Kiswahili, ila nyimbo za ndani ya ngano alizitoa kwa Kizaramo, kwa kuwa, alivyotueleza, wimbo ukifasiriwa hupoteza miguu. Miaka ilipopita nikamkuta amekaa nyuma ya wajukuu, wote wamekikabili kioo. Alijaribu mara moja. Alisema «Paukwa». Mtoto mmoja aligeuka, akatabasamu kwa adabu, akarudisha macho kwenye tamthilia. Bibi hakukasirika wala hakurudia. Nyimbo zile sikuziandika, nami hilo najilaumu mwenyewe kabla ya kukilaumu kisanduku.

Tuhukumu kwa haki. Kizaramo hakikusukumwa na televisheni peke yake. Kilikuwa kimeanza kurudi nyuma mbele ya Kiswahili cha skuli, cha soko na cha siasa muda mrefu kabla. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyeishi Bunju katika miaka ya 1960 na kuandika juu ya mila za Wazaramo, aliikuta tayari jamii iliyo katika mpito. Kisha ukaja mji wenyewe. Watu wa mkoa walikuwa takriban milioni 2.5 mwaka 2002, milioni 4.36 mwaka 2012, na milioni 5.38 mwaka 2022. Shamba la mihogo likakatwa viwanja, mwenye shamba akauza, na kwenye uwa mmoja wakakutana Mzaramo, Mhaya, Mnyakyusa na Mgogo. Lugha ya uwa huo haiwezi kuwa Kizaramo, iwe televisheni ipo au haipo.

Basi televisheni ilibadilisha nini hasa? Naona jibu liko katika tarehe isiyokumbukwa na wengi: 31 Desemba 2012, siku mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, mji ukawa wa kwanza Afrika Mashariki kuhamia dijitali. Tangu hapo kila seti ikahitaji king'amuzi chake na malipo yake. Wakati huohuo umeme ulikuwa unasogea pembezoni na bei ya seti inashuka. Kilichokuwa cha mtaa kikawa cha nyumba. Kilichokuwa cha nyumba, kwa kuja simu za mkononi zenye picha, kikawa cha mtu mmoja chini ya shuka yake. Mabenchi ya banda yakabaki kwa mpira tu, katika vile vibanda umiza ambako hadi leo watu hubanana jasho kwa jasho wakiitazama Simba na Yanga. Wanabanana kwa hiari hata wenye seti nyumbani, kwani goli halinogi bila mtu wa kulishangilia naye.

Ndiyo maana nasema shitaka la kawaida limekosea mlango. Kwa miaka mingi kioo kiliingia Chanika kikakuta watu wamekaa pamoja, wakakikaribisha jamvini, wakakifundisha kuitikiwa. Hakikuuvunja mkusanyiko siku ile. Mkusanyiko ulianza kuvunjika pale ilipokuwa rahisi kwa kila mmoja kuwa na kioo chake, na mlango ukafungwa kwa ndani. Waliokataa televisheni mwaka 1967 walihofu kwamba wachache wangekuwa nayo. Hawakuwaza kwamba siku ingefika kila mtu awe nayo, na hilo ndilo litutenge.

Kwetu visiwani tusijione tumesalimika. Tuliotangulia kwa rangi tumetangulia pia kwa kufunga milango, na baraza nyingi za Ng'ambo na Mji Mkongwe leo zina watu waliokaa bega kwa bega, kila mmoja ameinamia kiganja chake. Dawa haiko katika kukivunja kioo. Wale wasimulizi wa bandani walituonyesha kwamba kioo huweza kukaa jamvini akipatikana mtu wa kukisemea na watu wa kumjibu. Kinachohitajika kwanza ni chepesi na cha haraka: kuwaendea mabibi waliobaki, Chanika kama Makunduchi, kwa kalamu au kwa kinasa sauti, na wanapotamka neno lao la kwanza, tuwe pale wa kuwajibu.