Jina la mwalimu kwenye mfuko wa masomo

Wiki hii tunaandika juu ya walimu na makuta ya masomo.

Hapa Kasese kila mtu analijua jina la Isaya Mukirane. Uliza kijana yeyote wa Bwera au Kilembe, atakuambia huyo ndiye mfalme wa kwanza wa Rwenzururu, baba yake Omusinga Charles Wesley Mumbere. Wachache wataongeza kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwalimu. Miaka ya 1950 huyo mwalimu alishiriki kuanzisha chama cha kuandika historia ya Bakonzo, akipita milimani kusikiliza wazee. Mwaka 1962 yeye na wenzake wakatoka kwa hasira kwenye Rukurato, baraza la ufalme wa Toro kule Fort Portal, na tarehe 30 Juni Rwenzururu ikajitangaza. Malalamiko yalikuwa mengi, lakini moja linatugusa sisi: Bakonzo na Baamba walisema watoto wao wanaachwa nyuma kwenye shule na basari, pesa za masomo zinaishia kwa watoto wa wengine. Mukirane alikufa 1966, na vita ikaendelea mpaka 1982.

Sisi ni wageni kwenye historia hiyo, ila tunaielewa haraka. Mahali ambapo pesa ya masomo ni kidogo, swali la nani analipiwa si swali dogo hata kidogo.

Kwetu, ng'ambo ya mto Lhubiriha, mwalimu ana historia yake. Tangu miaka ya 1990 serikali ya Congo iliposhindwa kulipa mishahara, wazazi ndio walibeba walimu. Tuliita primu. Mzazi asipoleta primu, mtoto anarudishwa nyumbani, na mwalimu analala njaa, wote wawili siku moja. Mwaka 2019 Kinshasa ilitangaza shule ya msingi ni bure, lakini walimu wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara, wakabaki wakifundisha bila kitu. Basi mtu aliyeendelea kushika chaki kule Beni au Kasindi katika miaka hiyo, na risasi zinasikika, huyo tumwiteje? Ushujaa wake hakuna aliyeuandika popote.

Sasa tuje kwa mwalimu mmoja ambaye jina lake limeandikwa. Anaitwa Hilde Back. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi. Alikimbilia Uswidi akiwa kijana, yeye peke yake, kwa sababu wazazi wake hawakupokelewa. Wote wawili walifia mikononi mwa Wanazi. Yaani alikuwa mkimbizi kama sisi, tena mkimbizi asiye na mtu wa kumrudia. Akawa mwalimu wa watoto wadogo wa chekechea, mtu wa mshahara wa kawaida tu. Miaka ya 1970 alianza kumlipia karo mtoto mmoja wa Kenya ambaye hajawahi kumuona, kama dola 15 kwa muhula.

Mtoto huyo ni Chris Mburu, wa kijiji cha Mitahato, Kiambu. Alimaliza sekondari, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Harvard, halafu akafanya kazi ya haki za binadamu Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kusomesha watoto wa kijijini kwao, akisaidiana na binamu yake Jane Wanjiru Muigai, naye mwanasheria. Wakauita kwa jina la Hilde Back. Mburu alikuwa bado hajaonana naye! Ilibidi aombe ubalozi wa Uswidi umsaidie kumtafuta. Walipompata ndipo Mburu alipojua kwamba mama aliyemlipia karo ni mtu aliyeponea mauaji ya Wayahudi, wakati yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa kupambana na chuki ya namna hiyo. Hilde alifika Kenya, kijiji kikampokea kwa nyimbo. Filamu juu yao ilitoka 2010. Alikufa 2021, akiwa na miaka 98.

Tuangalie vizuri hapo. Hilde hakuanzisha mfuko wowote. Alilipa karo, basi. Aliyeufanya kuwa urithi ni yule aliyesaidiwa, aliyekataa kusahau. Na alifanya hivyo mama akiwa hai, akaweza kusikia jina lake likiitwa na watoto. Kwetu mara nyingi tunangojaga mazishi ndipo tusimame kumsifu mwalimu.

Mifuko mikubwa ipo. Ile basari ya chuo kikuu ya UNHCR na serikali ya Ujerumani, DAFI, tangu 1992 inabeba jina la Albert Einstein, naye profesa na mkimbizi. Lakini DAFI ni ya chuo. Mtoto wa kwetu anakwamia mbali kabla ya hapo. Uganda ina shule ya msingi ya bure tangu 1997, ndiyo, ila daftari, sare na chakula cha mchana vinalipiwa, na sisi tunaoishi mjini nje ya kambi hatupati msaada.

Ndiyo maana kikundi chetu kinajadili kutenga sehemu ya sanduku la akiba kwa ajili ya masomo, kwa jina la mwalimu mmoja aliyetufundisha Bwera. Jina hatuliandiki hapa, hajatupa ruhusa bado. Watoto waliosoma Kifaransa miaka sita walikuwa wakirudishwa darasa la tatu kwa sababu ya Kiingereza. Yeye aliwakusanya jioni kwenye baraza la kanisa, akawafundisha bure, akiwa mwenyewe anauza mkaa asubuhi.

Ubishi umekuwa mkali. Wengine wanasema jina la mtu mmoja litaleta wivu: mbona wa kabila lile, mbona si wa kwetu? Ukikumbuka Rukurato ya 1962 huwezi kuwacheka. Wengine wanataka tuchague watoto kwa alama za PLE peke yake, eti hapo hakuna upendeleo. Hilo hatukubaliani nalo. Mtoto aliyebadilisha lugha katikati ya masomo ataanguka kwenye alama kila mara, na ndiye hasa yule mwalimu alikuwa anamtafuta jioni. Tunapendekeza kamati ya watu watano, mmoja wao Mganda mwenyeji, na orodha ya waliochaguliwa isomwe mbele ya wote.

Muhula unaanza Februari. Kwa sasa kwenye sanduku kuna pesa ya watoto wawili, labda watatu kama sare zitashonwa na mama zetu. Jumapili tutamwendea mwalimu kuomba ruhusa ya jina, na anayetaka kuja nasi tukutane saa nane stendi ya boda.