Polisi bado anakuambia "toa kipande". Hilo neno lilitoka wapi?

Ukisimamishwa na polisi mtaani usiku, mara nyingi hatasema "kitambulisho". Atasema, "Toa kipande." Tumelizoea hilo neno mpaka halitushtui tena. Lakini wasee, saa hii serikali inatuambia Maisha Namba ni maendeleo tupu, na kila mwenye swali anaonekana mtu wa kupinga tu. Mimi nasema tulifungue hilo neno kwanza tuone ndani kuna nini.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, anakotoka na alama za vidole. Mpaka hapo unaweza kusema sawa, ni ID tu. Shida ni sehemu iliyobaki, kwa sababu hiyo ilikuwa ya mwajiri: nani amekuandika, ulianza lini, unalipwa ngapi, umeachiliwa lini. Karatasi iliwekwa kwenye kikebe cha chuma na watu wakakivaa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, ile kengele anayofungwa mbuzi.

Sasa angalia vile ilifanya kazi. Walowezi walikuwa wamechukua ardhi, lakini ardhi haijilimi. Walitaka vibarua wengi, wa bei rahisi, wasiotoroka. Kodi ya kibanda ilikulazimisha utafute pesa. Ukishaingia shamba la mzungu, hutoki mpaka yeye aandike kwenye kipande kwamba amekuachilia. Asipoandika, hakuna mwingine wa kukuajiri kihalali. Ukitoroka, alama za vidole zinakufuata. Ukipatikana bila kipande, ni faini au jela. Na mwajiri mpya alikuwa anasoma hapo hapo ulikuwa unalipwa ngapi, so nguvu ya kuomba zaidi ulikuwa nayo wapi? Wale mnaoulizwa kwenye mahojiano ya kazi, "kule ulikuwa unapata ngapi?", hii mnaielewa bila kuelezwa.

1921 walowezi wakaamua kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Hapo ndipo anaingia Harry Thuku, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa anapokea simu katika ofisi ya hazina ya serikali Nairobi. Alipanga watu dhidi ya kipande, kodi, mishahara, na wanawake kulazimishwa kazi. Walimkamata tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye maelfu walikuwa nje ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwaambia wampe suruali zao, wao wachukue nguo yake. Polisi wakafyatua risasi. Inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk nao walifyatua. Nyanjiru alikufa pale. Serikali ilikubali kwamba waliouawa walizidi 20, na walioshuhudia walisema ni wengi zaidi ya hapo. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Leo Norfolk iko kwenye barabara inayoitwa Harry Thuku, na hapo chai pekee itakumaliza mfuko.

Kuna kipande kingine cha hii historia ambacho shuleni mimi sikufunzwa. Baada ya Vita vya Pili, serikali ya mkoloni ililainika na kusema watu wa rangi zote wasajiliwe kwa sheria moja, na wote watoe alama za vidole. Unajua nani walikasirika? Walowezi. Alama za vidole, wakasema, ni za wahalifu. Zilikuwa kwenye shingo za Waafrika karibu miaka 30 na hakuna mlowezi aliyekosa usingizi. Mwishowe wakapata mlango wa nyuma: ukiweza kujaza fomu kwa Kiingereza na kutia sahihi, picha inatosha. Sheria haikutaja rangi ya mtu popote, na kila mtu alijua inamaanisha nani.

Hiyo mbinu ndiyo nataka tuikamate, kwa sababu haikuondoka na bendera ya Uingereza. Baada ya uhuru, wanawake waliendelea kutohesabiwa kwenye usajili wa vitambulisho hadi sheria ilipobadilishwa 1978. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipangwa foleni kuchunguzwa upya kama kweli ni Wakenya, na waliopita wakapewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi. Yaani Mkenya mwenye kadi mbili, kwa sababu ile moja haikuaminika mkononi mwake. Wanubi, ambao babu zao waliletwa kama askari wa Mwingereza na wakakaa Kibra zaidi ya miaka 100, vijana wao walikuwa wanakaa mbele ya kamati ya wazee na maafisa kuthibitisha kitu ambacho mimi niliulizwa na chifu kwa dakika tano. Bila ID husajili laini ya simu, hufungui akaunti ya benki, hupigi kura.

Ndiyo maana 2019, Huduma Namba ilipokuja na matangazo ya "sajili au ukose huduma", walioenda kortini mapema ni shirika la haki za Wanubi. Si walikuwa wanajua. Januari 2020 mahakama ilikataa serikali kuchukua DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS, na ikasema mpango usiendelee bila sheria ya kuulinda. Oktoba 2021 ikasema utoaji wa kadi ni kinyume cha sheria kwa sababu hakuna aliyepima kwanza hatari kwa data zetu. Mabilioni yalikuwa yameshaenda.

Sasa tuko na Maisha Namba, iliyoanza 2023: namba unapewa ukizaliwa, na kadi yenye chipu inayoisha muda baada ya miaka 10. Novemba hiyo hiyo wakajaribu kupandisha ada ya ID ya kwanza kutoka bure hadi shilingi 1,000, watu wakapiga kelele, 2024 ikashuka hadi 300. Mimi sipingi namba moja. Foleni moja badala ya tano, nani hataki? Ninachouliza ni nani anasoma hiyo kadi, na mimi nitajuaje ameisoma. Kikebe cha 1920 angalau ulikuwa unakiona kikifunguliwa.

Februari 2025 rais alitia sahihi kule Wajir kwamba ule uchunguzi wa ziada kwa watu wa mpakani uishe. Nzuri, na ilichelewa sana. Lakini tangazo ni karatasi, na anayeshika muhuri bado ni yule yule aliyekuwa anauliza maswali. Kama umefikisha miaka 18 uko Garissa, Kibra au Mandera na umeambiwa ulete cheti cha babu, andika jina la ofisi, tarehe na ulichoulizwa. 2027 iko karibu na daftari la wapiga kura halisubiri babu.