Maghala ya Mvinyo ya Bercy

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, maghala yetu wenyewe yametajwa mara nyingi. Twaona yafaa kutazama pia maghala ya wengine, tujue ghala lilimfaa nini aliyelijenga, na lilimfaa nini mkulima ambaye mazao yake yalilijaza.

Mashariki ya mji wa Paris, kando ya mto Seine, pana mahali paitwapo Bercy. Zamani palikuwa nje ya mpaka wa mji, na hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yake. Pipa la mvinyo lilipoingia Paris lilitozwa ushuru; likiwekwa Bercy halikutozwa. Basi wafanya biashara wakajenga maghala huko, na mapipa yakaletwa kwa mashua, na baadaye kwa reli. Mwaka 1860 Bercy ikatiwa ndani ya mji, lakini palibaki mahali pa kuwekea mvinyo kabla ya kulipiwa ushuru, na biashara ikaendelea kunawiri.

Mkulima wa zabibu alikuwa mbali na hayo yote. Mvinyo wake ulifika, ukachanganywa na wa wengine, ukauzwa bila jina lake. Huko Languedoc, kusini mwa Ufaransa, bei ilianguka vibaya mwanzoni mwa karne ya 20, na wakulima wakalalamikia hasa mvinyo uliotiwa maji na sukari. Tarehe 9 Juni 1907 watu mamia ya maelfu walikusanyika Montpellier. Siku chache baadaye askari walifyatua risasi Narbonne, watu wakafa. Mwezi huo huo ikatungwa sheria ya kuzuia udanganyifu ule.

Lakini wakulima wa kijiji cha Maraussan hawakungoja sheria. Mwaka 1901 waliunda chama chao cha ushirika, wakauza mvinyo kwa vyama vya ushirika vya walaji mjini Paris, na mwaka 1905 wakajenga ghala lao. Kwetu sisi, jengo hilo la kijijini lina maana kuliko Bercy nzima.

Bercy ilififia wakulima na wauzaji walipozoea kutia mvinyo katika chupa huko huko ulikotoka. Maghala mengi yalibomolewa. Yaliyosalia yakawekwa chini ya hifadhi ya serikali mwaka 1986. Tangu mwanzo wa karne hii yamekuwa maduka na migahawa, mstari huku na mstari huku, na katikati njia ya wazi ya waendao kwa miguu, pamoja na jumba la sinema. Kazi hiyo imefanywa vizuri, hatuna budi kusema. Reli za mabehewa ya mapipa zingali zaonekana katika mawe ya njia, na katika bustani jirani, palipokuwa maghala mengine, imepandwa mizabibu michache. Fedha nyingi hupita hapo kila siku. Fungu la mkulima wa zabibu ni lile la chupa iliyofunguliwa mezani.