Baiskeli ya umeme haimalizi kazi ya miguu
Baiskeli ya umeme humpunguzia mwendeshaji nguvu anazotumia, hasa apandapo mlima, lakini haimgeuzi kuwa abiria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mota ya baiskeli ya kawaida ya aina hiyo haizidi wati 250, husaidia pale tu pedali zinapokanyagwa, na hukoma mwendo ufikapo kilometa 25 kwa saa. Anayeidhania pikipiki huijua siku betri inapoisha njiani: atabaki akisukuma kwa miguu chombo ambacho mara nyingi huzidi kilo 20.

Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika miji saba ya Ulaya na kuchapishwa mwaka 2019 ulibaini kuwa waendeshaji wake hupata mazoezi karibu sawa na wa baiskeli za kawaida, kwa kuwa huenda safari ndefu zaidi.