Mlima Silverheels: ndui kwenye kambi ya dhahabu (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo twende Colorado, Marekani. Mwaka 1859 dhahabu ilionekana kwenye milima ya huko, watu wakamiminika kambi ya Buckskin Joe, juu ya mita 3,000. Baridi kali, vibanda vimebanana.

Inasimuliwa kwamba ndui ilipoingia, wengi walikimbia. Mcheza dansi mmoja akabaki. Alipita kibanda kwa kibanda, akiwanywesha maji wagonjwa na kuwaosha. Mwisho ikampata na yeye, uso ukaharibika, akatoweka. Wachimba dhahabu wakamchangia pesa za shukrani, wakamtafuta, wapi! Jina lake halisi halijulikani. Walimwita Silverheels kwa visigino vya fedha vya viatu vyake, na mlima wa mita 4,215 ukapewa jina hilo. Wanaopanda milima ile leo hupita kwenye migodi iliyoachwa.

Jamani, chanjo ya ndui ilikuwepo tangu 1796, ila wengi duniani walikuwa hawajaipata. Ilipowafikia, ndui ikaisha: ilitangazwa 1980. Basi mama, toa kadi ya kliniki ya mtoto usiku huu, angalia tarehe ya chanjo inayofuata.